Wanakwaya Miguu Juu

Shikamoo dada Yustina. Natumaini huko Runazi mmevuna maharage salama.

Hapa chuoni Ngara tunajifunza kutengeneza tovuti zinazofunguka kwenye simu, ndiyo mtindo wa sasa. Rafiki yangu Daforoza, anayetoka kambi ya wakimbizi, alitengeneza ya kwaya yao akaweka na namba yake. Picha ikatokea imepinduka, wanakwaya wote miguu juu. Tulicheka mpaka mwalimu akafuta machozi.

Jana simu ya Daforoza ikalia darasani. Alikuwa kaka yake, waliyepotezana naye walipokimbia Burundi; ameiona tovuti akiwa Kigoma. "Nimekutambua hata kichwa chini," alimwambia. Daforoza alilia, kisha akacheka. Mwalimu akaahirisha somo, tukaimba.

Jumamosi tunakwenda wote stendi kumpokea. Wabusu watoto, na umwambie mama ninakula nashiba.

Mdogo wako, Anitha