Matanga Uliyoyazima kwa Hesabu

Siz Mwende,

Mimi bado ndiye kijana mtanashati kuliko wote mtaani Umoja. Bisha sasa, kama unaweza.

Nakukumbuka mezani kwa Mama, kompyuta imewaka, ukikadiria korona itaenea vipi kabla haijaenea. Nilikuchokoza: "Mganga wa digrii! Nibashirie mechi basi."

"Mechi siijui, mjinga wewe. Ugonjwa najua: nani anakaa na nani, wapi, kwa muda gani."

Nikauliza msiba umeuwekaje kwenye hesabu zako. Ukasema, siku moja tu, ya mazishi. Nilicheka nikashika mbavu. Siku moja? Kwani ulilelewa wapi? Huku kwetu mtu akifa, nyumba inajaa kila jioni, maombi, mchango, chai, mpaka mwili usafirishwe Ukambani. Ukarekebisha hesabu zako, na ule mstari wa wagonjwa kwenye kompyuta, uliokuwa ukishuka, ukapanda kama moto wa kibanda. Hukucheka. Ukawaandikia wakubwa wa afya, na amri ikatoka: matanga ya jioni marufuku. Nilitamba mtaa mzima kwamba mimi, niliyeachia shule Form Two, ndiye niliyeifunza serikali.

Kisha korona ikakuchukua wewe.

Jioni ile ile walikuja, majirani, wazee wa kanisa, wenzako wa kwaya, wamebeba mikate na sukari. Nikasimama langoni. "Rudini, tafadhali. Amri ni amri."

Mzee mmoja akanitazama. "Kijana, kwani dada yako hana watu?"

Mimi, siz, ninayemjibu hata askari wa kanjo, wale wa jiji, nilifunga komeo la lango. Ndani Mama alikuwa amepanga viti. Alikaa peke yake katikati yavyo, akisikiliza wimbo wa kwaya ukiyeyukia barabarani. Hakunisemesha mpaka tukakuzika.

Wengine hawanisalimii hadi leo. Wanasema tulikuzika kama mtu asiye na kwao. Na mimi nataka kukukasirikia, wewe na huo mstari wako, nikuulize ni hesabu gani hiyo inayomnyima mama watu wa kulia naye. Halafu yule mzee ananipita, mzima, amenuna. Wanakwaya wanapita wakipiga kelele zao. Mama, na kisukari chake, angeketi katikati yao wote jioni zote zile. Jana alinipikia muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe, akanigombeza kwa kuchelewa. Nikala machozi yakinitoka, akadhani ni pilipili.

Hasira yangu haina pa kwenda, Mwende. Kila mlango ninakoipeleka, anafungua mtu aliye hai.

Pumzika, siz.

Mdogo wako, yule wa mdomo