Nilikata Waya wa Besi, Sasa Mke Wangu Anaacha Kazi

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada, na naomba uniwahi, maana Jumatatu mke wangu anarudisha vifaa vyake kwa msimamizi wa kiwanda, na anayejua sababu ya kweli ni mimi peke yangu, na huu mdomo wangu ambao wateja wanasema haujui likizo, kwa jambo hili umeganda kabisa.

Mimi ni kinyozi. Mke wangu ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kusaga unga, na si fundi wa kubahatisha, wenzake wanamwita Daktari kwa sababu mashine ikianza kuleta maneno yeye huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya beringi inayoshika mhimili, mpini anaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho, halafu anasema hii ibadilishwe leo au hii bado ina maisha, na anayembishia hujuta, maana mkanda wa mashine ukikatika pale hauchagui wa kumpiga.

Mdogo wake, shemeji yangu, anauza kompyuta zilizotumika, na ndiye aliyemletea hedfoni za kuchezea gemu yake ya malori, zile kubwa zinazofunika sikio zima, ndani yake kuna kidude cha duara kinachotetema kila besi ikipiga, kwa hiyo lori kwenye gemu likinguruma unalihisi mpaka kwenye mashavu. Nilizijaribu siku ya kwanza nikazivua haraka, mimi kutwa nzima nashika mashine ya kunyolea inayotetema mkononi, nyumbani nataka kutulia, lakini mke wangu alipozivaa uso wote ulichangamka, akasema haya sasa ndiyo magari, yale ya mwanzo yalikuwa picha tu, na tangu hapo akirudi kazini, akishaoga na tukishakula, ni malori yake, sauti ameipandisha mpaka mwisho, mtetemo mpaka mwisho, na mimi nimekaa pembeni na hadithi zangu za kutwa nzima kama mteja aliyesahauliwa kwenye kiti.

Usidhani ni wivu wa gemu tu. Huyu mwanamke nilimpata kwa maneno, nilikuwa namsimulia vituko vya wateja anacheka mpaka anashika mbavu, na siku hizi nikimsimulia anacheka kabla sijafika penyewe, au hacheki kabisa, nikimwita nikiwa jikoni haitiki, nikimuuliza kama kuna chumvi ananijibu kwamba mlango ameshaufunga, televisheni anaiweka juu mpaka jirani anagonga ukuta, simu anaongea kwa spika mtaa mzima ujue mambo yetu, na nikilalamika ananikazia macho mdomoni, kisha anasema "Eh?" utadhani mimi ndiye ninayemumunya maneno. Nikajua basi, nimekinaiwa.

Kilichonivunja hasa ni habari ya mzee mmoja, mteja wangu tangu nilipofungua kibanda, aliyekuwa anakuja kila wiki hata kama nywele hazijaota, na kila akiondoka lazima aseme nimsalimie mke wangu, na mimi kila nikirudi nazifikisha salamu. Mzee akafariki. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimeishiwa nguvu, mke wangu amekaa, hedfoni zimening'inia shingoni, gemu yenyewe hajaiwasha, mimi nikafungua bomba nikainama kwenye beseni kufua taulo za kibandani ili asinione ninavyolia, nikamwambia, "Yule mzee wangu amefariki." Akanijibu kwa furaha, "Vizuri, na wewe mwambie namsalimia sana."

Niligeuka nikamkuta anatabasamu. Nikainamia tena taulo zangu, mshauri, lakini roho iliniuma vibaya, niliona amefika mahali pa kunidhihaki mpaka kwenye msiba, na kesho yake alipokwenda kazini nikachukua bisibisi ndogo ninayofungulia nyembe za mashine, nikafungua zile hedfoni, nikafuata nyaya zinazokwenda kwenye kidude cha kutetema, nikazikata kwa mkasi wa nywele, kulia na kushoto, nikafunga vizuri kila kitu kama kilivyokuwa. Nilitaka azichoke tu, arudi kwangu.

Jioni akazivaa, akazungusha kile kigurudumu cha mtetemo, akazivua, akazivaa tena, kisha akanipa mimi. "Hebu vaa wewe. Unahisi kitu?" Nilizivaa, sauti ipo lakini mtetemo hakuna hata dalili yake, nikamwambia, "Mbona zinatetema vizuri tu."

Akajigusa shavu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba marehemu mama mkwe wangu, ugonjwa uliomchukua ulimwanzia kwa ganzi ya shavu, na mke wangu ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo nyumba haina raha. Anajigusa usoni kwa kijiko cha baridi, anajichoma kwa pini ya kushonea, anasema hapa nahisi, hapa sina hakika. Hospitali wamempima hawajaona kitu, wamempa barua ya kwenda kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, na yeye kwa kuwa hawajaona kitu ndiyo kwanza anaamini kwamba kimejificha. Kazini anaweka bisibisi kwenye mfupa halafu haamini anachokipata, anarudia, anarudia tena, na juzi amemwambia msimamizi kwamba yeye si wa kutegemewa, mtu akija kuumizwa na mkanda kwa sababu yake hatajisamehe, kwa hiyo Jumatatu anakabidhi vifaa na kuhamia stoo kupanga magunia. Ameniambia hayo huku anapiga pasi sare yake, bila kulia, na mimi nikaitikia ndiyo, ni uamuzi mzuri. Nilijichukia.

Nikisema ukweli najua kitakachotokea. Kitu ambacho mke wangu hasamehi ni mtu aliyegusa mashine kisha akasema hakugusa, nimemwona akigombana na wenzake kwa hilo mpaka sauti ikakauka. Nimefikiria Jumapili atakapokwenda kwa dada yake niziunge zile nyaya kimyakimya, akirudi akute zinatetema, ajione amepona, abaki na kazi yake, na mimi nibaki na siri yangu mpaka kaburini. Je, hiyo ni dhambi? Au kuna namna ya kulisema hili ndoa isivunjike?

Ni mimi,
Kinyozi aliyeishiwa maneno

*

Bwana kinyozi,

Pole kwa kufiwa na mzee wako. Naona mpaka leo nyumbani kwako hakuna aliyekuambia neno hilo, na mtu anayebeba msiba peke yake hufanya mambo ya kijinga. Sasa tuyaseme hayo ya kijinga.

Kukata waya ni utoto. Ungeishia hapo ningekucheka kidogo, nikakutuma ukaombe radhi. Lakini uliwekewa zile hedfoni mkononi, ukaulizwa swali fupi na mtu aliyeanza kuogopa, ukadanganya, na tangu hapo mkeo anajichoma pini, anaona kifo cha mama yake kinamjia, na wewe umekaa unamtazama. Huo si utoto tena. Na hebu jilinganishe naye. Yeye kwa kudhani tu kwamba hategemeki, amekwenda kwa miguu yake kwa msimamizi akasema, ili mwenzake asiumie. Wewe unajua kabisa ulichofanya na unaniuliza namna ya kukaa kimya.

Habari ya kuunga nyaya kwa siri, isahau. Atajiona amepona, halafu kila siku atakuwa anaingoja ganzi irudi, na siku kiungo kikilegea ataanza kuandika wosia. Tena huyu ni fundi. Iko siku atazifungua mwenyewe hizo hedfoni, atakuta kazi ya mkasi wa nywele, na hutahitaji kumweleza chochote.

Lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kuna jambo umeliandika kwa mkono wako bila kuliona. Mimi si daktari, ila kusoma najua. Unasema ukimwita akiwa haoni uso wako haitiki. Ukiuliza chumvi anajibu mlango. Televisheni juu, simu kwa spika, macho mdomoni mwako kila ukisema. Anacheka kabla hujafika penyewe kwa sababu anafuata sura yako, maneno yanampita. Na mtu huyu ameshinda miaka ndani ya kiwanda kinachonguruma asubuhi mpaka jioni. Bwana kinyozi, mkeo hajakukinai. Nadhani hasikii vizuri, na huenda hata mwenyewe hajalikubali, maana jambo hili huja polepole, na anayepatwa nalo huona ni watu wengine wanaonong'ona siku hizi.

Unafikiri zile hedfoni alizipendea nini? Wewe mwenye masikio mazima zilikukera ukazivua. Yeye zilimpa kwenye mfupa kile ambacho sikio limeanza kumnyima, kama ile bisibisi yake kazini. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kuna kitu kilimfikia bila yeye kubahatisha, na ndicho hicho ulichokifuata na mkasi.

Sasa utafanya hivi, na utafanya leo, usiniambie habari za Jumapili. Funga kibanda mapema. Zima televisheni, kaa mbele yake mezani, mwanga ukupige usoni, na umkabidhi hedfoni zikiwa zimefunguliwa, nyaya zinaonekana. Mwambie, "Nilizikata mimi. Uliponiuliza, nilikudanganya." Sema polepole na kwa sauti. Usianze na upweke wako wala hadithi zako zisizochekwa, hayo atayauliza mwenyewe akitaka. Usipunguze na usitie chumvi. Atakasirika, na ana haki zote za kukasirika, kwa hiyo usikimbilie kibandani kujificha nyuma ya wateja. Akinyamaza, kaa hapohapo. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe upesi. Ninachokuahidi ni kwamba atajua shavu lake ni zima, na usiku huo atalala.

Nyaya usiziguse tena. Ataziunga yeye akipenda, ni fundi kuliko wewe, na zikirudi kutetema ziteteme kadiri atakavyo ila sauti ishushwe, kwa sababu ile ya mpaka mwisho inammalizia masikio yaliyobaki.

Kisha kabla Jumatatu haijafika aende kwa msimamizi aombe kukabidhi vifaa kusubiri kwanza. Kama atakubali uongozane naye, nenda, na ukisimama pale sema lililo lako, asibebe aibu yako. Akapimwe masikio, na daktari aelezwe kelele za kiwandani na kama huvaa vizibo vya masikio au havai. Ile barua ya bingwa wa mishipa asiichane, aende nayo, aseme ukweli wa waya, bingwa ataamua. Huenda wakamwambia masikio yamechakaa na kazi yake ibadilishwe kidogo. Huenda ile bisibisi kwenye mfupa ikabaki kuwa kipimo kizuri kuliko masikio ya wenzake wote. Sijui. Lakini vyovyote itakavyokuwa, aamue kwa kujua, asitoke kwenye kazi aliyoipenda kwa sababu ya uongo wako.

Na wewe jifunze adabu mpya ya kuzungumza na mkeo. Ukitaka kumsemesha, mguse bega kwanza. Usiongee ukiwa umempa mgongo, usiongee ukiwa chumba kingine, na akisema "Eh?" rudia bila kununa. Mtu anayepiga soga kutwa nzima na vichwa vya watu wengine hawezi kushindwa kurudia sentensi moja kwa mke wake.

Limebaki moja. Jioni ile bomba lilikuwa wazi, wewe umeinama kwenye beseni, umempa mgongo, na unalia. Hapo alichoambulia ni neno "mzee", na siku zote ukimtaja mzee ni kwamba ameleta salamu. Naye akazirudisha, kwa furaha, kama kawaida yenu. Ina maana mkeo mpaka leo anaamini yule mzee yuko hai, anakuja kila wiki kunyolewa nywele ambazo hazijaota. Mkishamaliza habari ya waya, mtazame usoni umwambie upya kwamba mzee amefariki. Halafu nyamaza, umwache akupe pole.