Kitanda cha Nne Kimekatazwa Kula Kitanda cha Tano

Muscat

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Najua kaka Athumani ndiye atakayeisoma barua hii kwa sauti, na najua hamtakuwa wawili tu hapo nyumbani Makorora. Basi salamu zangu ziwafikie wote waliokaa mkekani, kila mmoja kwa heshima yake. Mguu wako unaendeleaje, mama? Bado unabeba masufuria ya shughuli peke yako, au umekubali kusaidiwa? Mimi afya ninayo na usingizi napata. Kilichoniishia ni uvumilivu, na naomba mnisikilize nieleze kwa nini.

Mnajua kwamba naandika programu za kompyuta kwa hospitali moja hapa. Juu yangu yuko bwana mmoja, mkuu wa kitengo, ambaye sitamtaja jina kwa sababu jina ni heshima. Ana vyeti vitatu ukutani na kiti kinachozunguka, na tangu nimfahamu sijamsikia akiuliza swali.

Jikoni walituletea orodha ya wagonjwa na miiko yao ya chakula. Orodha yenyewe ilikuwa mchanganyiko. Kitanda kimeandikwa kama neno, na mgonjwa akiwa na mwiko, nyuma ya kitanda chake hufuata kiorodha kidogo cha vyakula alivyokatazwa. Asiye na mwiko hafuatwi na kitu. Kazi yetu ilikuwa kuigeuza orodha hiyo, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby, iwe jedwali ambalo wenyewe huliita hash: unataja kitanda, unapewa miiko yake.

Mama, wewe hujawahi kugusa kompyuta, lakini kazi hii umeifanya miaka yote ya kupika harusi. Unakaa na mwenye shughuli, mnapita mgeni kwa mgeni: "Huyu ana mwiko?" Asiye nao unamtamkia "hana" kwa sauti, ndipo unakwenda kwa mwingine. Hiyo "hana" ndiyo elimu yote. Katika Ruby nako unapita kitu kimoja kimoja na kukiuliza: wewe ni neno au ni orodha? Kikiwa neno, unafungua kitanda kipya na kukiwekea orodha tupu. Kikiwa orodha, unakipa kitanda kilichotangulia. Mistari mitano. Niliiandika, nikampelekea.

Alicheka. "Binti, unazunguka mno. Gawa mbili mbili. Cha kwanza kitanda, cha pili mwiko. Mstari mmoja tu."

Nikamwambia orodha haikupangwa mbili mbili. Akajibu kwa kukizungusha kiti. Alipoijaribu njia yake, Ruby ilikataa, ikalalamika kwamba idadi ni witiri, haigawanyiki kwa mbili. Mtu mwenye haya angesimama hapo. Yeye aliongeza kitu kitupu mwishoni ili idadi itimie. Mashine ikanyamaza, naye akadhani amesikilizwa. Wenzangu watatu, ambao wangesifu hata kikohozi chake, wakamsifu kwa ufupi wa kazi, na jedwali lake likapelekwa jikoni.

Kesho yake mchana mpishi mkuu, Bi Zuwena, ambaye wazazi wake walitoka Pemba, alipanda ofisini kwetu na karatasi mkononi.

"Nani kaandika haya? Kitanda cha nne kimekatazwa kula kitanda cha tano! Nyie watu wa ghorofani mwatuona sisi twapika vitanda?"

Nikacheka, maana cha nne hakikuwa na mwiko, na kule kugawa mbili mbili kumekipa kitanda jirani badala yake. Yeye hakucheka.

"Usicheke, mwanangu. Cha tano chenyewe hakimo humu. Wasaidizi wangu wamempakulia mgonjwa wake wali wa kamba kama mtu asiye na mwiko, na kamba ndio wanaomvimbisha koo. Manesi wako naye sasa hivi."

Mzee wa kitanda cha tano alipona, Alhamdulillahi, ila kwa siku mbili alizungumza kwa kuandika.

Siku ya tatu niliitwa. Mkuu alikuwa ameshatunga taarifa kwamba orodha iliandaliwa vibaya na mtumishi mgeni, yaani mimi. Ilibaki sahihi yangu tu. "Ni utaratibu," akasema kwa upole wa mtu anayekuuzia kitu kibovu. "Weka sahihi, mkataba wako uendelee."

Nikamwomba anionyeshe, mbele ya wale watatu, mahali nilipokosea. Akautazama mstari wake kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Mama, hajui kuusoma! Aliuokota mahali, kama mtu anavyookota kanzu ya mwenzake akatoka nayo bila kujitazama. Wale watatu wakashughulika na simu zao.

"Bwana mkuu," nikamwambia, "sitaandika jina langu chini ya uvivu wako."

Wakati barua hii inasomwa, mkataba wangu utakuwa umekatwa. Lakini kabla sijarudisha kadi ya mlango, daktari wa wodi aliamuru ile mistari yangu mitano iwekwe. Niliiweka mwenyewe, Bi Zuwena amesimama nyuma yangu akisoma vitanda kwa sauti, kimoja kimoja, mpaka cha tano kikatokea na kamba wake. Akaikunja karatasi akashuka kupika. Mkuu yumo kitini mwake bado, na kwa kadiri ninavyomfahamu atasimulia kwamba dawa aliitafuta yeye. Na asimulie.

Nisalimieni baba mdogo aliye kazini Horohoro, wifi yangu na mtoto mchanga ambaye sijamwona, na mwalimu wangu wa hesabu jirani yetu, ambaye hakuwahi kuona haya kusema "sijui" mbele ya darasa. Msalimieni pia shangazi wa Ushongo, maana yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini nimerudi kabla ya wakati. Msimwambie kwamba mkataba umeisha. Mwambieni nililetewa uongo niutilie sahihi, nikakataa.

Ni mimi mwanao wa tatu, ninayekuja,
Mwanahawa