Roketi Tisa

Jumamosi, 18 Julai 1998

Jaribio la kumi na saba la roketi mwaka huu. Upepo mdogo. Nilifika uwandani saa moja asubuhi, jua bado pole. Godana alishawasogeza ng'ombe wake mbali, kama kila Jumamosi. Akahesabu kwa Kiorma, sadi, lama, tokko, yaani tatu, mbili, moja, nami nikagusisha waya kwenye betri. Ikapanda wima. Pembe digrii hamsini na moja kutoka mita mia, yaani mita mia na ishirini na kitu kwenda juu. Mwavuli wa mfuko wa mkate ukafunguka vizuri. Ikaangukia kwenye miiba ya mathenge. Mikono yangu yote michubuko.

Injini zimebaki ishirini na mbili. Vijiti vya karatasi vyenye baruti, unene wa kidole gumba. Aliniachia mwalimu mmoja wa kujitolea aliporudi kwao. Zikiisha, zimeisha.

Wasichana wa kidato cha tatu sasa wanapiga hesabu za pembe bila kununa. Miaka sita nafundisha fizikia hapa, sijawahi kuona hilo.

Jumamosi, 8 Agosti

Bomu Nairobi jana. Redio haijazimwa tangu wakati huo. Mume wangu Hiribae amekuja kutoka Ngao kwa zamu yake ya mapumziko, tumekaa tu tukisikiliza. Yeye ni muuguzi, anajua maana ya yale wanayoyasema. Chakula kimepoa mezani.

Sikwenda uwandani. Sikuwaza roketi hata mara moja.

Jumanne, 11 Agosti

Wamechukua kila kitu. Mimi sikuziwaza roketi, kumbe wengine walikuwa wanaziwaza.

Askari watatu na gari. Roketi tisa, injini zote, betri, waya, gundi, daftari langu la vipimo la miaka miwili. Hata kipimapembe cha mbao cha shule. Majirani wamesimama uani wananitazama kama mwizi wa kuku.

Pale kambi ya polisi mkubwa wao alizipanga roketi mezani moja moja. Akasema, "Mama mzima, mke wa mtu, unacheza na makombora?"

Nikamwambia si makombora, ni roketi za karatasi.

"Kinachoruka na moto mkiani, sisi tunakiita nini?"

Swali hilo ndilo linaloniuma kuliko kule kunyang'anywa. Sikufungwa. Nimeambiwa nipate kibali ndipo nirudishiwe. Kibali gani, kutoka kwa nani, hakujua.

Alhamisi, 20 Agosti

Garsen, afisi ya tarafa. Nimesubiri tangu saa mbili hadi saa saba. Bwana mkubwa mwenyewe mpole, alinikaribisha kiti. Aliuliza swali moja tu: je, inaweza kubeba kitu?

Nikasema ukweli. Yai. Tulibeba yai mwezi wa tano na halikuvunjika. Nilidhani atacheka.

"Leo yai," akasema.

Akaniandikia kijikaratasi niende Hola, makao ya wilaya.

Jumatano, 2 Septemba

Hola. Vumbi hadi kwenye meno. Mhusika yuko semina. Karani akaniambia niandike barua. Niliandika palepale, juu ya goti. Akaisoma, akasema inatakiwa nakala tatu. Duka la kupiga chapa limefungwa, mwenyewe ameenda mazishini. Nikaandika nyingine mbili kwa mkono. Vidole vimekufa ganzi.

Hiribae anasema nimejitakia. Labda. Lakini naye anapenda mpira wa miguu na hakuna anayemdai kibali.

Ijumaa, 18 Septemba

Hola tena. Barua haionekani. Nakala zote tatu hazionekani. "Ulipigiwa muhuri?" karani akauliza. Hapana. "Basi hukuleta." Nikamwambia nilimkabidhi yeye mwenyewe, mkononi mwake, akiwa amevaa shati hilihili. Akatazama shati lake.

Nimeandika upya. Safari hii nimedai muhuri. Ameupiga kwa shingo upande.

Mhusika alikuwepo leo. Dakika tatu. Mambo ya baruti ni ya Nairobi, alisema, na Nairobi kwa sasa hakuna anayetaka kusikia neno baruti. Ningekuwa wao nisingetaka pia. Nimelijua hilo na bado nimelia garini.

Jumatatu, 5 Oktoba

Wameuawa watu malishoni. Mmoja ni Dhadho, mdogo wake Godana. Wezi wa mifugo wenye bunduki, alfajiri ya Ijumaa, na ng'ombe wote wakaenda nao. Dhadho alikuwa na fimbo tu.

Askari walifika leo. Siku ya nne. Gari halikuwa na mafuta, wanasema. Kwa roketi zangu lilikuwa nayo.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimekwenda kuwapa pole. Nilikaa na Hawo, mkewe Godana. Hakulia. Alikuwa anasuka kamba ya ndoo iliyokatika, akaisuka, akaifumua, akaisuka tena. Godana alinishika mkono akashukuru, lakini macho yake hayakuwa pale.

Ijumaa, 16 Oktoba

Godana alikuja alasiri. Hajawahi kuja nyumbani kwangu peke yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa maji.

"Mwalimu, hii kitu yako inaenda mbali gani?"

Nikamwambia anajua, amezihesabu zote pamoja nami. Kwenda juu, kisha kurudi.

"Hapana. Kama nalala hivi." Akaulaza mkono wake, vidole vikielekea mlangoni. "Kama kubwa. Kama nabeba moto. Sisi tunajua wale watu iko wapi. Tunajua boma yao."

Nikasema zile za kambini ni karatasi, haziwezi kuchoma hata nyasi mbichi. Akasema si zile. Wewe unajua hesabu, unaweza tengeneza ingine.

Naweza. Hilo ndilo lililonitisha. Wakati anaongea, kichwa changu kilikuwa kimeshaanza, chenyewe, unene wa bomba, uzito, pembe. Kwa nukta chache tu. Nitaandika hapa kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia: kwa nukta chache nilikuwa nimeshaipiga hesabu.

Nikamwambia la. Katika hilo boma lao mna wanawake na watoto, kama wako. Nikamwambia la mara ya pili.

"Dhadho pia alikuwa mtoto ya mtu," akasema. "Serikali naogopa roketi yako. Bunduki ya wale watu hapana ogopa. Na wewe unakataa." Akainuka. "Basi wewe pia ni serikali."

Akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 21 Oktoba

Leo, siku zote hizi, leo ndiyo wameniita kambini. Barua yangu ya Hola imejibiwa: kibali kimekubaliwa. Mara nne kwa mwaka, askari awepo. Mkubwa wa kambi alikuwa mchangamfu, akaniagizia chai. Kilichobaki ni fomu moja ya kurasa mbili.

Swali la tisa: je, mtu yeyote amewahi kukuomba vifaa hivi, au ujuzi wako, kwa matumizi mengine? Kama ndiyo, taja jina na makazi.

Nikasema nitaijaza nyumbani.

Jumamosi, 24 Oktoba

Hiribae haoni shida iko wapi. Andika hapana, chukua vitu vyako. Anajua kila kitu, nilimweleza jana. Anasema Godana alikuwa na uchungu, mtu mwenye uchungu husema lolote, naye atapoa. Labda kweli.

Ndiyo ni Godana kufungwa siku chache baada ya kuhitimisha matanga. Hapana ni uongo, na jina langu chini yake. Halafu akienda kwa mwingine asiyekataa?

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba swali ni zuri. Karibu miezi mitatu nimewatukana moyoni, wajinga, waoga, watu wa muhuri. Na katikati ya ujinga wote ule kulikuwa na swali moja zuri, na nimelijua jibu lake tangu Ijumaa ile aliyokuja Godana.

Jumatatu, 2 Novemba

Nimewarudishia fomu tupu. Nikamwambia mkubwa wa kambi kwamba sivitaki tena vile vitu, avimwagie maji avizike.

"Kwa nini, Mwalimu? Tulishakubali!" Alionekana kuumia kweli, kama mwenyeji ambaye mgeni amekataa chakula chake.

Nikasema nimechoka na safari. Ambalo si uongo.

Niliomba daftari tu. Daftari haliruhusiwi kutoka, ni ushahidi. Ushahidi wa nini? Hakujua.

Jumanne, 3 Novemba

Nimefundisha pembe kwa kutumia kivuli cha mlingoti wa bendera. Wasichana wameuliza lini tunarudi uwandani. Nimesema haturudi. Mmoja amenuna.

Jumamosi, 14 Novemba

Godana amekuja. Mwezi mmoja kasoro siku mbili. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema wazee wake wanataka askari wakae visimani kabla ya kiangazi, na wanataka barua, na hawana wa kuwaandikia.

Nikamtolea kiti. Tuliandika hadi adhuhuri. Yeye alisema kwa Kiorma na Kiswahili chake, mimi nikapanga. Majina ya waliouawa tuliyaweka mwanzo, kila moja mstari wake. Jina la Dhadho alitaka alione lilivyoandikwa. Akaliangalia sana.

Nilimwambia nakala ya tarafa, nakala ya wilaya, na moja abaki nayo yeye, na asitoke afisini kabla hiyo yake haijapigwa muhuri, hata wakimwambia kesho.

"Watasoma?" akauliza.

Nikasema sijui.

Akatia alama ya kidole gumba kwenye nakala zote tatu, akakipangusa kwenye kikoi. Akaomba chai iongezwe sukari. Tukaongea habari za mvua, Bura imenyesha, huku bado. Alipoondoka niliosha vikombe viwili na kuviweka mahali pake.