Deki na TV Zinamgombea Bibi

Jumapili. Asubuhi rasharasha, mchana jua kali, na mimi nina furaha ya kijinga isiyoendana na umri wangu.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi wa TV na redio Ngarenaro, mwanamke pekee katika mstari wetu wa vibanda. Hilo hunipa kiburi, na leo kiburi chenyewe kimeshushwa.

Wiki nzima nimebishana na kaka yangu Elibariki. Amemnunulia Mama TV mpya, kubwa kama meza ya kulia chakula. Swali letu lilikuwa moja: ukiweka CD ya zamani yenye picha ndogo, nani aikuze ijae kioo, deki au TV? Mimi nilisema deki, maana ndiyo inayoisoma CD, tena deki yenyewe nilimletea mimi. Yeye akasema TV. Nikamwambia abaki na duka lake la mbolea, mambo ya picha aniachie.

Lakini hiyo CD si ya hivi hivi. Ni kipaimara cha Elibariki. Katikati yake, kwa sekunde chache, bibi yetu mzaa mama anaingia akicheza, mkungu wa ndizi kichwani, anakuja kumtuza mjukuu. Alifariki mwaka uliofuata. Hatuna picha nyingine anayoonekana akitembea.

Na Mama alishakataa kuiangalia. Tangu TV yetu ya chogo ilipokufa tukamwekea ya bapa, kila ikifika pale anainuka kwenda jikoni. "Huyo si mama yangu," anasema. Tulidhani ni macho. Nakiri hapa: nilimpeleka mwenyewe kupimwa, akapewa miwani, akaivaa, akaangalia, akasema tena si yeye.

Iliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Leo baada ya ibada tulipanda kwa Mama, kijijini Poli. Shikamoo, marahaba, tukala loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, kisha kazi. Nikaiacha deki ikuze picha. Bibi akatokea na uso unang'aa kama aliyepakwa nta, kandokando yake mistari myeupe. Mama akaanza kuinuka.

Nikaingia kwenye mipangilio mbio mbio, nikakuta kosa langu. Deki inakuza picha na kuinoa ionekane kali, halafu TV inaipokea, nayo inakuza na kunoa tena. Wapishi wawili, kila mmoja ametia chumvi. Nikaizuia deki, itoe picha ilivyo bila kuigusa. TV ikafanya kazi peke yake, na mikunjo ya uso wa Bibi ikarudi.

Elibariki alipiga makofi hadi kuku wakakimbia uani. Alikuwa sahihi. Haya, nimeandika.

"Bado," Mama akasema. "Mama hakuwa mnene hivyo."

Tukatazamana. Wateja wetu huku hawataki weusi unaobaki pembeni mwa kioo picha ya zamani isipokijaza. Wakiuona wanarudisha TV wakidai ni mbovu. Kwa hiyo kila ninayoifunga naivuta picha upande kwa upande ijae, na hata ile bapa ya kwanza ya Mama niliivuta hivyo hivyo. Hii mpya aliivuta Elibariki. Miaka yote hiyo tumemtazama Bibi aliyetandazwa kama chapati, tena tukimtania Mama kwamba mashavu yetu yametoka kwao.

Nikarudisha umbo la asili. Weusi kushoto, weusi kulia, na katikati mwanamke mwembamba, mrefu, shingo imenyooka chini ya mkungu.

Mama akasema, "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Bibi alipoingia tena, Mama alisimama, akakaza kanga yake kiunoni, akatamka kwa sauti kabisa, "Shikamoo mama!" Elibariki akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya kizee, Mama akamchapa kofi, na bahati mbaya miwani ya Mama ikaruka. Tulicheka mpaka machozi, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kucheka. Halafu Mama akacheza kando ya TV, hatua kwa hatua na mama yake. Tumeirudia mara kumi na moja.

Sijawahi kushindwa kwa raha namna hii.

Ila najiuliza: nimewanenepesha mabibi wangapi wa watu mjini hapa, nikaondoka nikiitwa fundi? Kesho naanza kuwapigia wateja simu, mmoja mmoja.