Kuhusu Damu ya Kaka Yako Kefa

Yakobi, Njombe
Tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Aneth,

Kamwene. Habari za huko Ujerumani? Shemeji Frederick hajambo? Na Ema, lile jino limeshaota? Sisi tunaendelea, ila baridi ya mwezi huu ni kali, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Flora na Shedrack wazima. Koti la baba yao bado linaning'inia nyuma ya mlango. Nimeshindwa kulitoa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nilijaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza hali ya hewa. Barua nampa mwinjilisti Praygod anayekuja huko wiki ijayo.

Unakumbuka ulipokuja kuanza utafiti wako hapa, ukatuonyesha picha ya chembe nyekundu za damu? Kefa alisema, "Yaani mdogo wangu, umekwenda Ulaya kusomea maandazi yaliyobonyezwa kidole?" Ulicheka hadi ukakaa chini. Kisha ukatueleza kwamba chembe hizo huchakaa kama bati linavyoshika kutu, na kwamba mwilini kuna vitu vinavyozuia kutu hiyo, na ndivyo unavyovipima.

Kefa akajiandikisha. Mara tatu alitakiwa kufika Makambako asubuhi kutolewa damu, na kila mara ulinipigia jana yake: "Wifi, kaka asitie kitu mdomoni ila maji." Nikajibu nimeelewa.

Wifi, nilimlisha. Mara zote tatu. Alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi, baridi inauma, na mtu anakwenda kutolewa damu. Nilishindwa kumwacha aondoke na tumbo tupu. Nilimpa viazi vya moto, parachichi zima na chai. Nilidhani mnakataza chakula ili mtu asitapike, kama kabla ya upasuaji.

Aliporudi mara ya kwanza alinisimulia. Nesi alimuuliza, "Baba, umekula?" naye akajibu, "Nani ale saa hizi, binti yangu?" Tulicheka wote wawili. Jirani yetu mzee Elius, aliyejiandikisha naye, alikaa na njaa kweli, akarudi anatetemeka, nami nikamwona hana akili. Mungu anisamehe.

Siku ya mazishi, mwezi wa tatu, wasifu ulipokwisha kusomwa ulisimama ukasema kuwa kati ya watu wote uliowapima Makambako, damu ya kaka yako ndiyo iliyokuwa na kinga kubwa kuliko zote. Watu wakasema amina. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulikataza chakula: vitu hivyo vya kuzuia kutu huingia damuni hata kwa kula. Nikainamisha kichwa. Juliana aliyekaa kando yangu akadhani nalia, akanipa kitenge chake nijifute. Nilijifuta macho makavu, wifi, siku ya kumzika mume wangu.

Sasa ujumbe wako wa wiki iliyopita unasema utasoma habari za damu hiyo mbele ya wanasayansi wenzako mwezi wa nane, na kwamba kabla ya hapo utakuja kuwapima watoto, kuona kama wamerithi. Shedrack ameshawatangazia shule nzima. Juzi Flora akaniuliza, "Mama, na sisi siku hiyo tusile?" Nilimwambia akachote maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Umeifanya kazi hii miaka kumi na miwili. Sijui viazi vyangu vimeharibu kiasi gani, wewe utajua. Lakini usisimame mbele ya watu wale kumsifu kaka yako kwa kitu nilichokipika mimi. Viondoe vipimo vyake. Watoto usiwachome sindano kwa ajili hiyo. Na Kefa usimlaumu sana, alikula nilichomwekea.

Mama yako anakusalimu. Habari hii hajaijua bado. Nitamwambia mwenyewe Jumapili tukitoka kanisani. Wasalimie shemeji na Ema. Bwana akulinde wewe na kazi ya mikono yako.

Mwezi wa saba njoo tu, hata kama utakuwa hutaki kunisalimia. Kitanda chako nitakitandika.

Ukisali, nikumbuke na mimi.

Wifi yako akupendaye, mwenye aibu,
Nelly