Kisahani Chini ya Mguu wa Jiko

Harlan Creek, Saskatchewan
6 Novemba 1986

Kwako Bibi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini kifua chako kimetulia, na kwamba jirani yetu Normande anakusomea barua hii polepole bila kuongeza maneno yake. Mimi ni mzima, nashukuru. Bega linauma kidogo asubuhi, si kitu.

Huku ni tambarare tupu. Ukisimama barabarani unamwona mtu anayekuja muda mrefu kabla hajafika, na akifika anapita. Jina langu hawaliwezi. Nimeacha kuwasahihisha. Mama mwenye nyumba huniachia chakula mlangoni, nakula chumbani na redio.

Nina ombi moja. Kile kisahani cha hoki ya barafu cha marehemu baba, cha mpira mweusi wa kupigwa kwa gongo, kilichozungushiwa utepe mweupe, alichowafungia watu wa Sainte-Ode bao la fainali. Kipo kwenye droo ya vijiko. Nitumie, Bibi. Tangu nifike kuchezea timu ya huku sijafunga bao hata moja. Labda kikiwa karibu, mikono yangu itakumbuka ilikotoka.

Msalimie Gédéon dukani.

Mjukuu wako,
Lucien


Rivière-Pelée
19 Novemba 1986

Mjukuu wangu Lucien,

Kifua kinakohoa, lakini bado ni changu. Wewe je, unakula vya moto? Soksi za sufu nilizokufumia unavaa, au umezitupa chini ya kitanda kama ulivyokuwa ukifanya hapa? Bega lipake mafuta. Normande yupo na kalamu yake. Amekula vipande viwili vya pai kabla ya kuandika neno. Hilo amekataa kuliandika, nikamwambia andika, ni barua yangu.

Sasa nisikilize, sizunguki. Ule utepe niliubandua mwenyewe, mwezi uliopita. Ulikuwa umeoza, unanata kwenye vijiko. Ulikuwa na maandishi, ndiyo, lakini mimi maandishi nayaona kama nyayo za kunguru kwenye theluji. Nikakiosha kisahani, nikakitia kwenye friza pamoja na vingine, chini ya nyama, maana katika nyumba hii kisahani hukaa kwenye friza, kigande kisirukeruke uwanjani. Babu yako alinifundisha hivyo nikiwa bibi harusi. Na humo ndani vyote ni vyeusi.

Usilie. Nimevimwaga vyote mezani, nikavishika kimoja kimoja. Vinatofautiana kama watu. Viko vile vya duka la akina Gédéon: vyepesi, vinanuka kama viatu vya bei rahisi, ukiviangusha vinaruka hata vikiwa vimeganda, na mkono unabaki mweusi. Viko vilivyotengenezwa kwa matairi yaliyosagwa; ukivikwaruza kwa ukucha vinatoa makombo kama mkate wa juzi. Halafu kimo kimoja cha ng'ambo, cha Chekoslovakia anasema Normande, maana kina muhuri. Hicho ni kizito, mpira wake umeshikana, ukingo unakwaruza kidole kama ulimi wa paka. Ukikiangusha kinasema puu! mara moja, kisha kinatulia palepale, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Nikajua ndicho. Baba yako, Armand wangu, hakuwa mtu wa kufunga bao na takataka. Nimekifunga kwenye kitambaa cha jikoni, Normande anakituma leo.

Kile kibaya kuliko vyote, cha dukani, kilichong'oka ukingoni kama kimeumwa na mbwa, nimekipa kazi. Sakafu imezama tena upande wa dirisha, supu ikawa inakaa upande mmoja wa sufuria. Gédéon akaninyanyulia jiko la kuni huku akiugua kama ng'ombe anayezaa, mimi nikakisukumia chini ya mguu. Sasa supu imekaa sawa.

Krismasi nitapika pai ya nyama. Njoo.

Bibi yako,
Exilda


Harlan Creek
14 Desemba 1986

Bibi yangu,

Hujambo? Kifua kinasemaje kwenye baridi hii? Mimi sijambo.

Kisahani kimefika. Wenzangu wamekishika mmoja baada ya mwingine, wakasema zamani watu walijua kutengeneza. Nilikiteleza kwenye barafu, kilienda kama kimefungwa uzi, wala hakikuruka. Nimekiweka kwenye rafu juu ya viatu vyangu.

Bibi, Krismasi sitakuja. Usiweke sahani yangu. Kocha amenikalisha benchi na kuna kijana mwingine amepewa nafasi yangu. Kila nikikishika kisahani cha baba, kinazidi uzito. Kitu kizuri namna hii, kilipigwa na mkono mzuri. Wangu si mkono huo. Mlinisindikiza kijiji kizima, mpaka padri akapiga kengele. Nikirudi sasa, nitashuka kwenye basi nikiwa nani?

Usiwaambie watu.

Mjukuu wako,
Lucien


Rivière-Pelée
4 Januari 1987

Lucien wangu,

Mwaka mpya huu, uwe na afya. Mimi ninayo ya kunitosha. Unalala? Bega likoje?

Sahani yako niliiweka. Hunipangii meza yangu. Pai nimekula mimi, na iliyobaki imeganda kwenye friza pamoja na visahani.

Uwanja wa barafu nyuma ya nyumba nimeumwagia maji yagande, kama kila mwaka. Normande ananiuliza, "Exilda, unamwagia nani? Watoto wa huku wamehamia mjini na wazazi wao." Nikamwambia namwagia maji barafu, wewe inakuhusu nini. Imetoka safi, hakuna hata mkwaruzo mmoja wa viatu vya kuteleza. Asubuhi naitazama dirishani nikinywa chai. Barafu isiyo na mkwaruzo haipendezi.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunisema.

Bibi yako,
Exilda


Rivière-Pelée
8 Februari 1987

Mjukuu wangu,

Huandiki. Sijui kama u mzima, kwa hiyo nakusalimu nusu, nusu nyingine nitakupa ukijibu. Normande anasema posta haijapoteza barua, ni wewe tu.

Jana Gédéon alikuja kuniondolea theluji paani. Nikampa supu. Tukakuzungumzia, nikamwambia nilikutumia kisahani cha Armand, kile kizito cha ng'ambo. Akaweka kijiko chini, akacheka mpaka nikataka kumnyang'anya bakuli.

"Exilda," anasema, "miaka ile cha ng'ambo kingefikaje hapa? Siku ile visahani vilitoka dukani kwa marehemu baba yangu. Takataka tupu."

"Chunga mdomo," nikamwambia. "Unamsema mwanangu."

"Nasema mpira, sisemi mtoto. Nani alikuwa kipa wa Sainte-Ode siku ile? Si mimi, maana hapa mlikuwa na kipa wenu? Refa alisahau kuvifukia kwenye theluji, akaviacha kwenye kibanda karibu na jiko. Vikaingia uwanjani vina joto. Armand alipiga shuti la kawaida, la chini, nikaweka gongo langu vizuri kabisa. Kisahani kikaruka kama chura, kikapita juu ya gongo, juu ya goti, kikaingia. Nilipogeuka kwa hasira, chuma cha kiatu changu cha kuteleza kilikikata ukingo."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kipa gani aliyefungwa hajasema kisahani kiliruka?"

Kisha tukainama wote wawili, wazee na migongo yetu, tukachungulia chini ya jiko. Ukingo umekatika pale pale aliposema.

Basi ndiyo hivyo, Lucien. Hicho kizuri ulicho nacho, kinachokulemea, hakimjui baba yako. Kirudishe, au kichezee, au mpe mbwa. Cha baba yako ndicho kibovu kuliko vyote vilivyopata kuingia nyumba hii, nami mama yake ndiye niliyekichagua kuwa kibovu. Armand alipiga kama unavyopiga wewe. Siku ile kiliruka. Msimu uliofuata hakufunga hata kimoja, mimi nilikuwapo nikimfulia jezi. Alirudi nyumbani kila siku na njaa yake, akala, akalala. Hakuniuliza anarudi akiwa nani. Na hata siku zile mbao za kiwandani zilipomwangukia akafa, nilikuwa nimemwekea chakula mezani.

Gédéon alitaka kukichomoa akutumie. Nikamwambia akiligusa jiko langu nitamvunja vidole. Hili jiko ni zito, linataka mtu wa nyumba hii. Mimi nikae hapa nashindwa kulinyanyua, wewe ukae huko unashindwa kunyanyuka benchi, ni upuuzi.

Barafu bado ni ngumu. Mwezi wa tatu ukiisha italainika.

Normande ameloanisha karatasi, si mimi.

Bibi yako,
Exilda


Kituo cha mabasi, Winnipeg
1 Machi 1987

Bibi,

Salamu nyingi. Kifua chako kikoje? Naandika kwenye goti, dereva wa basi la kuja huko ameshawasha injini. Bao bado sijafunga hata moja, na soksi nimevaa.

Mwambie Gédéon asiguse jiko.

Mjukuu wako,
Lucien